Jina Alilokatazwa Kuitikia

Huko Kileleshwa, nyuma ya nyumba ya bwana mmoja wa serikali, aliishi mwanamke aitwaye Naliaka. Jina hilo alipewa kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu shambani wakati wa palizi, jembe likiwa mkononi. Watu wa kwao Malakisi, mpakani na Uganda, husema alizaliwa ameng'ang'ania gugu. Mkitaka aminini, msipotaka acheni. Lakini kwamba alijua kufua, hilo hata adui yake hakubisha. Shuka alizoanika nyuma ya ile nyumba ziling'aa hata mbwa wa jirani akawa anazibwekea, akidhani ni wazungu waliokwenda zao wamerudi kuchukua viti vyao.

Mumewe, Sifuna, alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, kazi yake kubeba mafaili kutoka ghorofa hii mpaka ghorofa ile. Alikuwa mrefu kupita kiasi. Mvua ikinyesha, yeye alilowa kwanza, nyinyi wengine mkapata nafasi ya kuanua nguo. Walikaa katika chumba kimoja cha watumishi. Mtoto wao wa kiume, Kundu, waliyemzaa mwaka bendera ya uhuru ilipopandishwa, hakukaa nao. Bwana mwenye nyumba hakutaka watoto wa watumishi kwenye maua yake, kwa hiyo Kundu alilelewa Malakisi na bibi yake, Peres, mama yake Sifuna. Huyo Peres alikuwa mwanamke wa kweli. Akikohoa Malakisi, ng'ombe wa Uganda huinua vichwa.

Sasa, Kundu alipokaribia umri wa kwenda shule, shavu lake la kushoto lilianza kufura. Jino likawa linacheza mdomoni kama kigingi kwenye tope. Pale kijijini palikuwa na fundi wa kung'oa meno, yule aliyewang'oa vijana meno ya chini kama desturi ilivyotaka. Akang'oa moja. Shavu likazidi. Akang'oa la pili. Shavu likamcheka. Ndipo Zedekiah, mdogo wake Sifuna, aliyekuwa utingo wa lori la mahindi, akambeba mtoto mpaka Nairobi.

Naliaka alikuwa kwenye karo, povu mpaka kwenye viwiko, alipomwona Zedekiah akiingia na mtoto.

"Shemeji, huyo umemtoa wapi?" akamuuliza. "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Ndiye huyu, Mama Kundu."

Aliachia shuka maji yakamwagika. Upande mmoja wa uso ulikuwa wa mwanawe, upande wa pili ulikuwa wa mtu asiyemjua.

Mwelu, yaya wa nyumba ya jirani, Mkamba mwenye mdomo usiojua kupumzika, aliruka ua akaja kutazama. Hakufanya mzaha siku hiyo. "Hiyo si jino," akasema. "Mimi nimeona meno mbaya, na ya bwana yangu nayaona kila asubuhi ndani ya glasi. Peleka mtoto hospitali, na usingoje Sifuna atoke kazini."

Mama na mwana wakashuka bonde la Kirichwa, mtoto mgongoni, wakapanda ng'ambo mpaka hospitali kubwa ya kilimani. Daktari aliyewapokea aliitwa Thuo, kijana mwembamba ambaye macho yake yalionyesha kwamba hakulala vya kutosha. Alimshika mtoto taya, akabonyeza tumbo, akamfunua kope. Kisha akauliza kitu ambacho Naliaka hakukitegemea.

"Mmetoka wapi?"

"Kileleshwa."

"Mtoto, mama. Mtoto amekulia wapi?"

"Malakisi, kwa bibi yake. Kule chini, kwenye mbu."

"Nilijua," akasema Daktari Thuo, na sauti yake haikuwa na furaha ya mtu aliyejua. Akachoma uvimbe kwa sindano, akavuta kitone, akakipaka kwenye kipande cha kioo, akaenda nacho kukitazama kwa darubini yake. Aliporudi alivuta kiti akakaa karibu. Madaktari wa siku zile hawakuwa na tabia ya kukaa. Naliaka alipomwona anaketi, alimvuta mtoto akampakata.

"Hii ni kansa ya tezi, mama. Si jino, na wala hakuna aliyekosea kumlisha. Inawashika watoto wa kule kwenu, na inakua upesi kuliko kansa zote ninazozijua. Ukilala, yenyewe hailali. Lakini ina jambo moja zuri, inaisikia dawa upesi vilevile. Unaijua sangari?"

"Ile nyasi? Mimi nimezaliwa nikiing'oa."

"Basi sikia. Sindano ya kwanza inakata majani tu. Utaona shamba limekuwa safi, utafurahi. Sindano zinazofuata ndizo zinazofuata mizizi. Ukikosa moja, inarudi, na ikirudi haiombi ruhusa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

Na alikuwa ameelewa. Msije mkafikiri alikuwa mjinga.

Wakamlaza Kundu, wakamdunga mshipani. Alitapika, akanyweshwa maji mengi mpaka akalalamika kwamba amekuwa mtungi. Kisha likatokea jambo lililowafanya hata wafagiaji wasimamishe fagio. Shavu lilianza kuyeyuka. Kila asubuhi lilikuwa limepungua, kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria ya moto, na kabla wiki haijaisha uso wa Kundu ulikuwa umerudi wote, pamoja na pengo la meno mawili. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani, wakaambiwa warudi Alhamisi ya kliniki kwa sindano ya pili.

Kumbe wiki hiyohiyo, huko Malakisi, Peres naye hakukaa bure.

Alikuwa amekwenda kuuliza kwa wanaojua, na jibu lilikuwa wazi. Mzee Khaemba, baba mkwe wake, alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, akafia Tanganyika. Hakuna aliyemzika, na hakuna mtoto wa ukoo aliyepewa jina lake. Sasa amechoka kungoja, ameshika taya la mjukuu wa mwanawe ili asikike. Peres akachinja jogoo, akamwaga pombe mlangoni, akalitaja jina mbele ya ukoo. Tangu siku hiyo mtoto ni Khaemba. Lile jina la Kundu lisitajwe, na likitajwa lisiitikiwe, maana kuitikia ni kumwambia mzee kwamba mlimchezea.

Zedekiah alileta habari hizo na lori. Akaingia chumbani, akamwona mtoto, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Shavu liko wapi?"

"Limekwenda," akasema Sifuna.

"Lilianza kwenda siku gani?"

"Katikati ya wiki iliyopita."

Zedekiah akapiga goti lake kwa kofi. "Siku ya jogoo! Ndiyo siku yenyewe!"

Sifuna alisimama, kichwa kikagonga taa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa hajacheka tangu mtoto aje. "Mama Khaemba," akamwambia mkewe, na hilo lilikuwa jina jipya la Naliaka, "umesikia?"

"Na sindano?"

"Sindano imemkuta mtu aliyekwisha kupona."

"Daktari alisema majani yatakatika kwanza. Alisema tutafurahi."

"Daktari ni Mkikuyu, atajuaje mambo ya Khaemba?"

Ukweli ni kwamba Naliaka aliogopa vitu viwili, na kila kimoja kilikuwa na ushahidi wake. Aliiona dawa ikiingia kwenye mshipa. Lakini pia alijua watoto waliolia mfululizo tangu kuzaliwa wakanyamaza siku ile walipopewa jina lililotakiwa. Mwenyewe alikuwa mmoja wao, siku alipoongezewa jina la ukoo. Sasa atupe lipi?

Alhamisi alikwenda kliniki. Sifuna hakumkataza kwenda. Alimkataza kuitika.

Wakakaa kwenye benchi pamoja na mama wengine. Muuguzi akatoka na orodha, akaanza kuita. Mmoja baada ya mwingine wakaingia. Kisha:

"Kundu Sifuna!"

Mtoto akainua kichwa. Naliaka akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Kundu Sifuna! Hayuko?"

Muuguzi akatazama huku na huku, akaita jina lingine.

Hapo Naliaka akafikiri amepata njia. Akaondoka kwenye benchi, akaenda mbele kwenye dirisha la wagonjwa wapya.

"Jina la mtoto?"

"Khaemba."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Amekuja kudungwa."

Karani akamtazama, akampeleka chumba kingine kabisa, kwa daktari msaidizi ambaye hakuwahi kumwona mtoto. Huyo alifanya nini? Aliona mtoto mzima, mchangamfu, mwenye pengo. Naliaka akajaribu kueleza habari ya shavu, lakini shavu lenyewe halikuwepo kutoa ushahidi. Daktari msaidizi akambonyeza mtoto tumbo, akasema huyu ana minyoo, akampa dawa ya minyoo. Kisha akasema kijana anaendelea vizuri sana.

Naliaka alirudi Kileleshwa akitembea upesi. Alikuwa amekwenda hospitali, na alikuwa hajamkosea Khaemba. Wote wawili amewaridhisha. Aliimba akipiga pasi siku hiyo, na Mwelu alimsikia kutoka ng'ambo ya ua.

"Wamemdunga?" Mwelu akauliza.

"Wamempa vidonge."

Mwelu akaruka ua, akaja kumbonyeza mtoto shavu yeye mwenyewe.

Alhamisi nyingine zikaja zikapita. Siku moja Naliaka alipokuwa akimwogesha mtoto, mkono wake uligota tumboni. Palikuwa pagumu kama papai bichi. Akamgeuza kwenye mwanga. Jicho la kushoto lilikuwa limesukumwa mbele kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani. Shavu lilikuwa bado shwari. Ugonjwa ulikuwa umepita njia nyingine.

Sifuna alipotoka kazini alitazama mara moja akageuza uso. Alikaa kitandani, miguu yake mirefu ikifika mlangoni.

"Hakuridhika," akasema. "Jogoo mmoja hakutosha. Zedekiah anaondoka Jumamosi. Mtoto aende nyumbani, Mama amalize alichoanza."

"Jumamosi ni mbali."

"Ni siku tatu tu!"

"Baba Kundu, tumbo hili lilikuwa tupu wiki jana."

"Umeniitaje?"

"Nimekuita jina lako."

Hakumpiga. Sifuna hakuwa mtu wa kupiga. Alitoka nje akasimama kwenye kamba za nguo, na alisimama huko muda mrefu.

Asubuhi ilikuwa Alhamisi. Naliaka hakufua. Alimfunga mtoto mgongoni, akamkuta Mwelu amesimama kwenye geti, ameshavaa kitambaa cha kutokea.

"Nani atalea mtoto wa bwana wako?" Naliaka akauliza.

"Atalelewa na mama yake. Itakuwa mara ya kwanza, watajuana."

Walipofika bondeni, Mwelu akasema, "Nimefikiria. Wewe usiitike. Mimi nitaitika. Mimi ni wa Mwala, Ukambani, Khaemba wenu hanijui, atanidai nini? Wakiita, mimi naruka juu: yuko hapa!"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Naliaka alitabasamu. Akatembea hatua kadhaa akilifikiria jambo hilo. Lingewezekana kabisa. Lakini akatikisa kichwa.

"Mtoto ni wangu, Mwelu. Kama kuna wa kuulizwa, niulizwe mimi."

Kwenye benchi muuguzi aliita majina yote ya siku ile. Kundu hakuwemo. Kisha akageuza karatasi, akaanza kuita wale waliopotea, wale waliokosa kliniki zao. Alikuwa akiwaita kila Alhamisi kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu. Wengine walikuwa wamepotea tangu mwaka jana.

"Kundu Sifuna."

Naliaka akasimama. Alimwona Khaemba, mzee ambaye hakuwahi kumwona, amekaa njiani huko Tanganyika na mzigo kichwani, akigeuka kumtazama.

"Yuko," akasema. Kisha akasema tena kwa nguvu, ili yeye mwenyewe asije akasema baadaye kwamba hakusikika. "Kundu yuko. Mimi ni mama yake."

Daktari Thuo alimpima mtoto. Alipomaliza akauliza, "Ulikuwa wapi, mama?"

"Hapa. Siku ile nilikuwa kwenye benchi. Nilisikia mkimwita."

Akamweleza yote, jogoo na lori na dirisha la wagonjwa wapya. Alingoja acheke, au agombe. Daktari alikuna paji la uso.

"Mimi pia nina jina la babu yangu," akasema. "Ningekuwa mgonjwa wakanibadilishia jina, labda mama yangu angenyamaza kama wewe. Lakini sasa imefika tumboni, na nyuma ya jicho, na pengine imeingia kwenye maji ya uti wa mgongo. Tutamlaza. Tutachanganya dawa, na nyingine tutaipitisha mgongoni. Itamtesa. Na siahidi kitu."

"Usiahidi. Dunga."

Sifuna alipojua, alimwagiza Zedekiah amlete mama yake, badala ya kumpeleka mtoto. Peres alikuja amekaa mbele kwenye lori, karibu na dereva, amevaa gauni la kanisani. Dereva alisema baadaye kwamba tangu Eldoret hakuthubutu kupiga honi. Aliingia wodini akifuatwa na Sifuna, lakini alipofika hatua chache kutoka kitandani alisimama ghafula, akafunika kichwa kwa leso, akatazama sakafu. Mtoto sasa alikuwa baba mkwe wake. Mwanamke hakaribii kitanda cha baba mkwe.

"Baba," akasema kwa heshima, "tumekuja kukuchukua."

"Kukhu," mtoto akamwita bibi yake kama alivyomwita siku zote, "nywele zangu zimeanguka."

Peres alijaribu asitazame. Akageuza macho upande, na upande huo palikuwa na kitanda kingine. Mtoto aliyelala hapo alikuwa na shavu lililofura upande wa kulia. Karibu yake alikaa mwanamke mdogo akimpepea.

"Huyu ni wa nani?" Peres akamuuliza Naliaka.

"Wa Milcah. Wanatoka Alego, kwa Wajaluo. Mtoto anaitwa Okeyo."

"Jina la nani?"

Milcah akajibu mwenyewe, "La babu yake, mama. Tulimpa siku aliyozaliwa."

Peres akasogea kitanda kilichofuata. Hapo palikuwa na mtoto wa mtu mmoja aitwaye Mwanzia, Mkamba kutoka pwani. Taya. Jina la babu. Akasogea kingine. Alizunguka wodi nzima, kitanda baada ya kitanda, akiuliza kila mama kwao ni wapi na mtoto amechukua jina la nani, na wauguzi wakamwacha, maana nani angemzuia? Kila mtoto alikuwa na jina lake sawasawa. Na kila mmoja alikuwa na uvimbe.

Alirudi alipoanzia. Kisha akatoa leso kichwani, akaketi kitandani kwa mjukuu wake, kitanda kikalia.

"Baba mkwe wangu nilipika kwake nikiwa bibi arusi mdogo," akasema. "Alikuwa mtu wa haya. Chumvi ikiisha hakutaka niombe kwa jirani, alikula hivyohivyo. Mtu kama huyo hawezi kwenda Alego kumshika taya mtoto wa watu asiowajua. Hawezi. Huu ni ugonjwa."

"Lakini, Mama," Sifuna akaanza, "jina..."

"Jina lake amepewa, nani amemnyang'anya? Nyumbani ni Khaemba. Huku wakimwita Kundu kwa ajili ya dawa, aitike, na wewe uitike, hata wakikuita Sifuri." Akamgeukia Naliaka. "Wewe uliitika kabla sijakuruhusu."

"Ndiyo, Mama."

"Jogoo wa kumwomba radhi utatoa wewe."

"Nitatoa."

"Mkubwa."

Kundu alidungwa mwaka mzima. Zilikuwepo siku alizokataa kula, na siku alizomwuma muuguzi aliyemshika mgongo ukunjwe. Zilikuwepo siku Daktari Thuo alitazama kioo chake akatoka bila kumtazama Naliaka machoni. Jicho la kushoto halikupata kuona vizuri tena. Lakini tumbo lililainika, na kila kliniki ilikuta hakijarudi kitu. Mwaka wa sabini na mbili, mtoto akiwa shuleni, daktari alimwambia amepona, asije tena.

Lakini mwaka ule wa sindano Okeyo naye alikuwa ameyeyuka shavu kama mwenzake, akaruhusiwa. Milcah alimbeba kwenda kwao awaonyeshe wazee mtoto aliyepona, arudi Alhamisi ya kliniki. Alhamisi ile muuguzi aliita, na iliyofuata akamwita miongoni mwa waliopotea. Naliaka alikuwa benchini na mwanawe. Alikisikia kimya kilichofuata lile jina. Alikijua, maana aliwahi kukifanya yeye.

Akamtumia Peres maneno kwa mdomo wa Zedekiah. Peres hakuuliza Alego ni mbali kiasi gani. Alipanda lori, akateremka, akapanda basi, akauliza njia kwa Kijaluo ambacho hakukijua. Watu wa huko husema alifokea mto ukapunguza maji apite. Boma alilipata. Milcah alikuwa amekaa nje ya nyumba, na kando yake tuta fupi la udongo lilikuwa bado jekundu. Peres aliketi naye chini mpaka siku iliyofuata. Hawakuwa na lugha moja, na hawakuihitaji.

Habari hizo zilipofika Kileleshwa ilikuwa Jumatano. Kesho yake, kliniki ilipokaribia kwisha, muuguzi aligeuza karatasi.

"Okeyo, wa Alego."

Naliaka alimwacha Kundu akae peke yake kwenye benchi, akaenda mpaka aliposimama muuguzi.

"Sista," akasema, "huyo usimwite tena."

Muuguzi akamtazama, akaelewa. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akapiga mstari taratibu. Kisha akashuka kwenye jina lililofuata, akaita, na wote wawili wakageuka kutazama benchi.